Wapigwe kwa Hisia

Ipo nchi moja ambayo mtu huifikia kabla hajajua ameifikia. Jina lake halitajwi bila kibali cha maandishi, na kibali chenyewe huombwa kwa barua inayotaja jina la nchi, kwa hiyo tangu uhuru hakuna aliyekipata. Watu wake ni wapole mno. Ukimkanyaga mmoja wao atakuomba radhi, kisha atakusogezea na mguu wa pili usije ukapata tabu ya kuutafuta.

Humo aliishi Sikudhani binti Mbwarali, mjane wa miaka arobaini na minne, mchapaji wa Idara ya Nyaraka Tukufu. Tangu asubuhi mpaka saa tisa vidole vyake vilikuwa mali ya serikali. Saa kumi alivisuuza kwenye beseni, akavipaka mafuta ya nazi, akavipeleka kwenye bohari la pamba lililoachwa, ambako vilipiga fidla ya pili katika Okestra ya Wakazi wa Kata ya Tano.

Okestra ile ilikuwa na watu kumi na wanane: fundi cherehani, mkunga mstaafu, wapiga pasi wawili ndugu, karani wa posta, na wengine wa namna hiyo, watu ambao ukikutana nao njiani huwezi kudhani kwamba nyumbani wana zumari. Aliyewakusanya ni Mwalimu Nasibu Mtengwa, mstaafu wa miaka sabini na moja, mwembamba kama kifimbo alichokishika. Miaka kumi na moja aliwafundisha. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na ugonjwa mmoja tu: baada ya kimya hawakuweza kuingia pamoja. Katika kipande chao kikubwa palikuwa na mahali ambapo okestra nzima hunyamaza mapigo matatu, halafu wote huingia kwa mkupuo mmoja. Miaka kumi na moja, mkupuo ule ulikuwa haujatokea.

"Mnaingia kama ng'ombe wanaosukumwa kwenye josho," Mwalimu alikuwa akisema. "Mmoja yuko ndani, mmoja anachungulia, mmoja amegeuka anataka kurudi kwao."

"Mimi nilihesabu tatu, Mwalimu," alijitetea Mzee Chambuso, fundi vitanda, mpiga selo, ile fidla kubwa ya kukumbatia.

"Ulihesabu tatu zako. Za wenzako umeziacha wapi?"

"Za wenzangu ni ndefu mno. Nimezeeka mimi, nikisubiri nasinzia."

Watu wakacheka, wakarudia, wakakosea tena. Sikudhani hakuomba mengi duniani. Mume alikuwa amekufa, watoto hakupata, serikalini hakutarajia kupanda hata ngazi ya kwenda ghorofa ya pili. Alitaka siku moja, kabla Mwalimu hajafa, mzee yule ausikie mkupuo wake.

*

Sasa Mtukufu, ambaye ndiye anayeitawala nchi ile na ambaye jina lake pia halitajwi, alisafiri ng'ambo akapelekwa kwenye ukumbi wa muziki. Sehemu ya kwanza alilala, ya pili alilala, ya tatu alikoroma. Alipoamka aliona kitu ambacho kilimtoa machozi. Aliona watu mia moja wa nguo nyeusi wamemkodolea macho mtu mmoja mwenye kijiti. Akikiinua, wanaanza. Akikishusha, kimya. Hakuna anayeuliza swali, na hapakuwa na askari hata mmoja mlangoni.

"Hii ndiyo serikali," alimnong'oneza msaidizi wake. "Sisi tunayo?"

Ikatafutwa, ikapatikana Kata ya Tano. Mtukufu akaamuru msimu wa maonyesho manne. La kwanza la okestra nzima. La pili la wanamuziki wanne, wa ule muziki wa watu wachache ambao wenyewe huuita muziki wa chumbani. La tatu la wanamuziki watatu. La nne, la kufunga msimu, okestra nzima tena.

Rasimu ya waraka iliandikwa kwa mkono na Mkurugenzi Kisaka, bosi wa Sikudhani, mtu aliyeogopa kalamu yake mwenyewe. Mwanzoni alikuwa ameandika "Muziki upigwe". Akaona neno "upigwe" lina harufu ya vurugu, akalikata kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "Wanamuziki wapige". Rasimu ikamfikia Sikudhani saa nane na nusu ya Ijumaa. Alipoona ni okestra yake, moyo ulimruka, macho yakajaa, na vidole, ambavyo katika miaka ishirini havikuwahi kukosea, vikachukua nusu ya neno la juu na nusu ya neno la chini. Waraka ukatoka hivi:

"Wanamuziki wapigwe mbele ya Mtukufu kwa muda usiopungua saa moja na nusu, kwanza polepole, kisha kwa kasi, kisha polepole tena. Wapigwe kwa hisia. Mwongozaji wao asimame mbele na kifimbo. Kila sehemu ikiisha, hadhira ishangilie. Katika onyesho la pili, la wanamuziki wanne, na la tatu, la wanamuziki watatu, wapigwe chumbani."

Mtukufu akatia saini. Hutia saini amefumba macho, kuonyesha jinsi anavyojiamini.

Jumatatu Sikudhani alitoa nakala ya kaboni aisome kwa raha yake, kama mtu anavyosoma kadi ya harusi yake mwenyewe. Alipofika neno la pili alirudi akalisoma tena, herufi moja moja.

Sheria ya Nyaraka ya nchi ile ni fupi. Kifungu cha kwanza: waraka uliotiwa saini haukosei. Kifungu cha pili: ukionekana umekosea, soma kifungu cha kwanza. Mtu wa mwisho kuonyesha kosa alikuwa karani mmoja aliyesema hakuna tarehe thelathini na moja Juni. Aliambiwa asiwe na shaka, akawekwa ndani mpaka tarehe hiyo ifike.

Sikudhani akajiambia: watu wana akili. Nani atasoma hivi aende kweli akampige mpiga filimbi? Akaikunja ile nakala, akaisukuma chini ya taipureta.

*

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili alasiri katika Ukumbi wa Furaha ya Lazima. Wanamuziki walifika wamevaa nyeusi, wamenyoa, wamefunga vilemba vipya. Waliwakuta Kanali Dachi, Mkuu wa Itifaki, na vijana wake sita wenye bakora. Kanali aliusoma waraka mara mbili, midomo ikimsaidia.

"Mkuu wenu nani?"

"Mimi, mwanangu," alisema Mwalimu Nasibu.

"Hicho mkononi?"

"Kifimbo."

"Cha nini?"

"Cha kupigia mapigo."

Kanali akawageukia vijana. "Si niliwaambia? Wanajua. Wamekuja na fimbo yao." Akakichukua, akakipima kwa kidole. "Lakini mzee, hiki cha kufukuzia inzi. Usijali, serikali inazo."

Akawasomea waraka. Mwalimu akaomba auone kwa macho yake, akauona.

"Afande, hapa pana kosa dogo. Imeandikwa wapigwe. Ni wapige."

"Wapige nani?"

"Wapige muziki."

"Nionyeshe neno muziki."

Mwalimu akatafuta, hakulipata.

"Nionyeshe basi saini."

Mwalimu akaionyesha.

"Kwa hiyo Mtukufu amekosea?" aliuliza Kanali, kwa upole kabisa, kama daktari anayeuliza inauma wapi.

Ukumbi ukanyamaza. Sikudhani, katika kiti cha fidla ya pili, alijua kwamba nafasi ndiyo hiyo. Angesimama aseme, ni mimi, ni kidole changu hiki. Alihesabu moja. Alihesabu mbili. Alihesabu tatu. Hakuingia.

"Basi hapana kosa," alisema Kanali. "Kaeni. Ala zenu mzishike. Bila ala watu watajuaje kwamba mnapigwa kama wanamuziki?"

Palizuka tatizo moja la itifaki. Mwongozaji kwa kawaida huwatazama wanamuziki wake na kuipa hadhira mgongo, na katika nchi ile hakuna kosa linaloshinda kumpa Mtukufu mgongo. Wa mwisho kulitenda alikuwa farasi wa gwaride, na farasi yule alisomewa mashtaka na jaji mwenye kofia. Kwa hiyo Mwalimu aliwekwa amtazame Mtukufu, okestra ikiwa nyuma yake. Akaambiwa aongoze. Kila kifimbo kitakaposhuka, bakora sita zitashuka.

Mzee alielewa haraka kuliko alivyowahi kuelewa jambo lolote. Alianza polepole. Alianza polepole hata watu wa mbele wakadhani amekufa wima. Kati ya pigo na pigo mtu angeweza kufunga kiatu. Lakini baada ya dakika ishirini Kanali alimsogelea. "Sasa kwa kasi, mzee. Imeandikwa." Mwalimu akafumba macho, akaongoza kwa kasi, na nyuma yake akaisikia okestra yake ikitoa sauti ambazo hakuwafundisha.

Hadhira mwanzoni haikujua la kufanya. Mtukufu akapiga makofi, ikajua.

"Kumbe muziki ni kitu kinachoeleweka," alisema Mtukufu akiondoka. "Kule ng'ambo walinificha."

Gazeti la serikali, ambalo ndilo gazeti, liliandika kwamba onyesho lilifana, zumari zilisikika vizuri, ila fidla ya pili ilichelewa kulia.

*

Muziki wa chumbani ulimpa Kanali shida ndogo tu ya kuchagua chumba, kisha akakumbuka kipo. Kila mtu katika nchi ile anakijua Chumba. Kipo chini ya jengo la Usalama, hakina dirisha, na watu wakikitaja huangalia viatu vyao. Wakachaguliwa wanne: Sikudhani, fundi cherehani Lugome, mkunga Bi Mwasiti, na Mzee Chambuso na selo lake. Wageni walikuwa wachache, wa kuchaguliwa, kama inavyotakiwa katika muziki wa aina hiyo. Walipewa juisi.

Mzee Chambuso aliambiwa aweke selo chini, maana lilikuwa linayakinga mapigo yasimpate vizuri.

"Imeandikwa niliweke chini?" aliuliza.

Kanali akaangalia. "Haikuandikwa."

"Basi ningali nalo."

Akalikumbatia. Ilibidi bakora zimfikie kwa kupitia selo, na mbao za selo si mbao za kitanda. Lilipovunjika, alibaki amekumbatia shingo yake na nyuzi mbili. Katikati ya sehemu ya haraka alimgeukia Mwalimu, ambaye alikuwa amesimama anaukodolea ukuta wenye picha ya Mtukufu, akamwambia kwa sauti ya mtu aliye kazini kwake, "Leo nahesabu zako, Mwalimu. Sikiliza. Moja, mbili, tatu." Sikudhani alikuwa hatua moja kutoka kwake. Naye alihesabu, moja, mbili, tatu, na neno likamfika mpaka kwenye meno, likarudi.

Mzee Chambuso alizikwa Jumatano. Kitanda alichobebewa alikitengeneza mwenyewe.

Lugome akathubutu kumuuliza Kanali itakuwaje sasa kwamba wamebaki watatu. Kanali akaufunua waraka, akasoma kwa kidole, uso ukang'aa kwa heshima.

"Onyesho lijalo, wanamuziki watatu. Mnaona? Waraka ulishajua."

*

Watu huzoea. Wiki mbili tu, na foleni ya kuingia ukumbini kutazama mazoezi ilizunguka jengo. Mazoezini nako walikuwa wanapigwa. Watu wakaanza kuwa na wapenzi wao: huyu anashabikia tarumbeta, yule anasema bila ngoma kubwa haoni ladha. Mama Rehani, jirani wa Sikudhani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyekuwa akimletea uji alipofiwa, alimwita kwa juu ya uzio.

"Juzi mlipigwa vizuri, mwenzangu. Si kama mara ya kwanza. Mara ya kwanza mlikuwa mnakaza mabega, na mtu akikaza bega sauti inaganda."

"Inauma, Mama Rehani."

"Najua inauma. Sanaa hiyo. Kwani kuzaa hakuumi? Mwambie yule wa filimbi asijikunje, tulio nyuma hatumwoni."

Mwalimu Nasibu alikuwa amepata ujanja. Kwa onyesho la watu watatu alitunga kipande chake mwenyewe ambacho karibu chote kilikuwa kimya. Pigo moja, kimya cha mapigo kumi na mawili. Pigo moja, kimya cha ishirini. Alikaa siku nne bila kulala sawasawa, akichora alama za kimya. Kanali alizitazama karatasi kwa muda.

"Hizi nini?"

"Hapo wanapumzika, afande."

"Wanapumzika? Katika wakati wa serikali?" Akaomba wembe. Akakaa akazikata moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba, karatasi zikabaki na matundu kama zimeliwa na mende. Alama moja tu aliiacha, mwishoni, ya mapigo matatu, kwa sababu alidhani ni kinyesi cha inzi.

Chumbani Bi Mwasiti alivunjwa vidole vitatu, vile ambavyo kwa miaka thelathini vilikuwa vya kwanza kuwagusa watoto wa mji ule walipokuwa wakiingia duniani. Mmoja wa vijana wenye bakora alipokewa navyo. Alimsalimia kwanza, shikamoo bibi, akaitikiwa, ndipo akaendelea.

Kisha likaja tangazo la onyesho la kufunga msimu. Wageni rasmi wangetoka nchi saba kuja kujifunza. Saa moja na nusu ilionekana ni aibu. Waraka mpya ungeandikwa: okestra nzima, kutwa.

"Mimi kutwa siimalizi, mwanangu," Bi Mwasiti alimwambia Sikudhani, akimwonyesha mkono uliofungwa kitambaa. "Na wale ndugu wapiga pasi, mdogo anatema damu. Mwalimu mwenyewe, umemtazama miguu? Haya. Tutaonana huko tuendako, na Chambuso atacheka."

*

Sikudhani alimfuata Mwalimu kwake asubuhi. Alimkuta barazani ameloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Akasimama, hakukaa.

"Mwalimu, ile W ni yangu."

"W gani?"

"Ya wapigwe. Nilichapa mimi. Rasimu ilisema wapige."

Mwalimu hakuinua macho kutoka kwenye beseni. "Herufi moja?"

"Moja."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu ile. Kabla ya onyesho la kwanza."

Mzee akautoa mguu mmoja majini, akaufuta taratibu, akauweka chini. Akautoa wa pili.

"Siku zote nilikuwa nakusifu wewe," alisema. "Nikiwaambia, tazameni fidla ya pili, anahesabu vizuri, tatizo lake haingii tu."

"Waraka mpya nauchapa mimi. Naweza kuirekebisha. Nitaitoa."

"Nenda kaitoe. Lakini kwangu usije kuomba msamaha, binti yangu. Mimi sina. Chambuso ameacha mjane, ukitaka kauombe kule."

Akaenda akaitoa. Alichapa ule waraka polepole kuliko alivyowahi kuchapa chochote, herufi moja moja, akilisoma neno kwa sauti ya chini: wa-pi-ge. "Wanamuziki wapige mbele ya Mtukufu kutwa nzima, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Wapige kwa hisia." Mkurugenzi Kisaka aliupitisha bila kuusoma, maana kusoma ni kuhusika. Mtukufu akafumba macho akatia saini. Alasiri ile Sikudhani aliichukua fidla yake, akaifuta, akaikaza nyuzi, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze alilala usingizi wa mtu.

*

Kanali Dachi aliuweka waraka mpya kando ya ule wa zamani. Alikuwa mtu wa itifaki, aliona.

"Hapa palikuwa na herufi," alisema. "Imekwenda wapi?"

Ikaundwa Tume ya Herufi, wajumbe tisa na mpika chai. Ilikaa siku mbili. Iliita mashahidi, ikapima taipureta, ikakuta kitufe cha W kimechakaa kuliko vingine, jambo lililotia shaka. Chini ya taipureta ikakuta nakala ya kaboni iliyokunjwa. Mkurugenzi Kisaka alitoa rasimu ya kwanza yenye wino mwekundu, akaeleza yote bila kuulizwa, hata ya utotoni mwake.

Mwanasheria wa Tume alikuwa kijana msomi, akaliweka jambo sawa. Waraka wa kwanza, alisema, haukukosea, kwa kuwa waraka haukosei. Mwanamke huyu aliweka W yake mwenyewe, sawa. Lakini Mtukufu alipotia saini, W ile ikawa ya serikali. Baadaye akaitoa. Mtu anayetoa kitu cha serikali bila kibali anaitwa nani? Wajumbe wakaitikia kwa pamoja.

Likabaki swali la Kanali. Waraka mpya nao umetiwa saini, kwa hiyo nao haukosei. Wanamuziki wapige. Wapige nani? Hapo mwanasheria alitabasamu. Waraka haukumtaja, alisema, kwa sababu ulijua mpaka siku hiyo ikifika atakuwa amepatikana.

*

Siku ya kufunga msimu ukumbi ulijaa saa tatu asubuhi. Wageni wa nchi saba walikaa na vijitabu vyao vya kuandikia. Katikati ya jukwaa paliwekwa kiti kimoja, na juu yake akakalishwa Sikudhani, amevaa nyeusi, fidla mapajani. Wenzake kumi na sita walimzunguka kwa nusu duara, kila mtu mahali pake pa siku zote. Ala zao zilikusanywa kwenye kona. Vijana sita wakapita wakigawa bakora, kwa adabu, kila mtu na saizi yake. Mwalimu Nasibu alisimama mbele, uso kwa Mtukufu, mgongo kwao.

Walioandikiwa kupiga walizitazama zile bakora kama watu waliopewa nyoka wamshike. Mwalimu akashusha kifimbo. Bakora zilishuka, moja hapa, moja pale, kama ng'ombe kwenye josho, na zilipomfikia Sikudhani zilikuwa kama watu wanampangusa vumbi. Karani wa posta alimwomba radhi kwa sauti. Mmoja wa ndugu wapiga pasi aliipiga hewa. Sikudhani machozi yalimtoka, si kwa maumivu. Alijua kwamba hawa ni watu wake, na kwamba kwa mwendo huu hata kutwa atafika.

Mtukufu akapiga miayo. Kanali alimwona, akapanda jukwaani na kitabu cha Tume.

"Kwa hisia," alisema. "Imeandikwa. Lakini sikulaumuni, maana hamjasomewa."

Akawasomea. Alisoma ukurasa mzima, midomo ikimsaidia: rasimu, wino mwekundu, nani alichapa, Ijumaa gani, nakala ilikutwa wapi. Alipomaliza alikifunga kitabu, akashuka, akakaa.

Bi Mwasiti alikuwa ameshika bakora kwa mkono mzima uliobaki.

"Ni wewe, Siku?"

"Ni mimi, Bi Mwasiti."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Kabla ya mwenzetu Chambuso?"

Sikudhani angeweza kusema uongo. Katika nchi ile uongo hauna hata adhabu.

"Kabla ya Chambuso," alisema. "Kule Chumbani nilikuwa nataka kusema."

Karani wa posta hakuomba radhi tena. Fundi Lugome alikunja mkono wa shati, mara moja, mara mbili, vizuri, kama anavyokunja upindo wa suruali ya mteja. Nusu duara ikasogea hatua moja mbele. Sikudhani aliitazama shingo ya Mwalimu kwa nyuma, ule mkunjo wa ngozi juu ya ukosi uliochakaa, akangoja ageuke, akangoja aseme neno. Mzee aliinua kifimbo. Alikishikilia juu.

Kimya kikaanguka. Sikudhani akahesabu, kwa mazoea. Moja. Mbili. Tatu.

Waliingia pamoja.

Bakora kumi na sita, sauti moja, haikutangulia hata moja, haikuchelewa hata moja. Ilikuwa safi mno hata wageni wa nchi saba wakaacha kuandika. Fidla ilivunjika mapajani mwa Sikudhani, na hiyo nayo ilivunjika kwa wakati wake.

Mwalimu Nasibu Mtengwa alibaki na kifimbo chini. Miaka kumi na moja aliungoja mkupuo ule. Alisahau ukumbi, alisahau farasi wa gwaride na jaji mwenye kofia. Akageuka, akampa Mtukufu mgongo wote, awaone ni nani hao walioingia vizuri namna ile.